Susa, Wenzio Wala: Matombo 1955 na Kazi Ngumu ya Kukataa Pamoja

Julai 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, umati wa wakulima ulikusanyika mbele ya wakubwa wa serikali na jambo moja mdomoni: hatuchimbi tena matuta. Mambo yakachafuka, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo serikali ya kikoloni iliachana na mpango wake wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, mpango uliokuwa umeanza miaka mitano tu nyuma.

Milima ile tunaiona kila siku tukienda darasani. Tunapiga nayo picha. Lakini muulize mwanachuo yeyote hapa Morogoro habari za mwaka 1955, atakwambia Mwalimu Nyerere alikwenda Umoja wa Mataifa kule New York. Ni kweli, alikwenda Machi mwaka huo. Ya Matombo miezi minne baadaye hana habari nayo, na Matombo ni safari ya daladala moja.

Nina sababu mbili za kuiandika habari hii. Mimi nasomea ualimu, na Historia ni somo langu la kufundishia. Nikipitia mada ya makoloni ya Marekani kumkataa Mwingereza, naona imezoeleka kufundishwa kama hadithi ya watu waliotupa chai baharini, basi, kengele imelia. Namna watu wale walivyojipanga kukataa bidhaa, nani alishika daftari, nani alisaliti, haiguswi. Sababu ya pili mnaijua wenyewe. Muhula uliopita tulisusia kantini moja (jina siliandiki) baada ya sahani ya wali maharage kupanda kutoka 1,500 hadi 2,000. Siku ya kwanza meza zilikuwa tupu. Siku ya pili nusu. Siku ya tatu foleni ilifika mlangoni, na bei ni ile ile mpaka leo.

Tuanze na neno lenyewe. Mtoto akinyimwa mnofu wa kuku huinuka akakaa pembeni akanuna: amesusa. Wakubwa hawambembelezi, wanamwambia susa, wenzio wala. Kiswahili kimeweka hapo tatizo lote la mgomo wa bidhaa kwa maneno matatu. Anayesusa peke yake anajinyima. Ili kususa kuwe na nguvu lazima wenzio nao wasile, na huyo mwenye chakula awe na hasara kikimchachia. Hapo ndipo kazi ilipo.

Sasa Virginia. Mwaka 1767 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria za Townshend, zikaweka ushuru kwenye vioo, risasi, rangi, karatasi na chai iliyoingia kwenye makoloni yake ya Marekani. Makoloni hayakuwa na mjumbe hata mmoja kwenye bunge hilo la London. Mei 1769 bunge dogo la koloni la Virginia, pale Williamsburg, lilipitisha maazimio kwamba haki ya kuwatoza kodi watu wa Virginia ni ya bunge lao wenyewe. Gavana, Lord Botetourt, akalivunja bunge tarehe 17. Wabunge hawakwenda nyumbani. Walitembea hadi nyumba ya wageni iliyoitwa Raleigh, ambako watu walikuwa wakinywa na kucheza dansi, wakakaa humo kama kikao, na kesho yake, tarehe 18, wakatia saini mkataba wa kutoagiza bidhaa zilizotozwa ushuru pamoja na orodha ndefu ya vitu vingine vya Uingereza. George Washington alikuwapo, na ndiye aliyeleta rasimu iliyotokana na mashauriano yake na jirani yake George Mason. Patrick Henry alisaini. Thomas Jefferson naye, akiwa kijana aliyeingia bungeni mwaka huo huo.

Kwenye mkataba ule kuna kipengele kinachonifanya nisimame kila nikikifikia. Waliahidi kwamba kuanzia Novemba 1 mwaka huo hawataingiza watumwa wala kununua walioingizwa, mpaka sheria zile zifutwe. Yaani watumwa waliorodheshwa kama bidhaa, pamoja na divai na viatu. Wanaosaini wakilalamikia uhuru wao walikuwa na mamia ya watu wanaowamiliki mashambani. Mwalimu wa historia akiliruka hilo atakuwa amefundisha nusu.

Je, mkataba ulifanya kazi? Kwa Virginia, kidogo sana. Wakulima wakubwa wa tumbaku walikuwa na madeni kwa wafanyabiashara wa Uingereza na walizoea kuagiza, na wafanyabiashara wengi wa koloni hawakusaini. Ulikuwa mkataba wa heshima, asiyeufuata hakuna wa kumuuliza. Mwaka uliofuata wakarekebisha: Juni 1770 wakaandika mwingine pamoja na wafanyabiashara, safari hii kukiwa na kamati kwenye kila wilaya za kukagua nani kaingiza nini. London ilikuwa imeshafuta ushuru ule mapema mwaka 1770 isipokuwa wa chai, kwa sababu zake zikiwamo kelele za wafanyabiashara wake waliopoteza masoko, hasa New York na Philadelphia. Ilipofika 1774 somo lilikuwa limeeleweka. Kongamano la makoloni likaagiza kila wilaya, mji na kitongoji kichague kamati, na majina ya wavunja mgomo yachapishwe magazetini. Chai iliyotupwa Boston Desemba 1773 ndiyo inayokumbukwa. Kamati za kuchungulia maghala hazina picha nzuri ukutani, lakini ndizo zilizobeba mgomo.

Turudi Uluguru, maana hapa mambo yana ladha nyingine kabisa.

Wale wa Virginia walikuwa wabunge. Walikuwa na ukumbi, na ulipofungwa walihamia jengo la jirani. Mluguru wa 1955 angehamia wapi? Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza 1926, na Mwafrika wa kwanza hakuingia humo mpaka 1945, walipoteuliwa machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Uchaguzi wa kwanza wa kupiga kura ulikuja 1958. Mwaka 1955 viti vya wasio watumishi wa serikali viligawanywa kumi kwa Waafrika, kumi kwa Waasia na kumi kwa Wazungu, katika nchi yenye mamilioni ya Waafrika na Wazungu elfu kadhaa. Wote waliteuliwa na Gavana Twining.

Pengine utasema palikuwa na utawala wa kienyeji, palikuwa na Sultani wa Waluguru. Hapo ndipo penye kichekesho kichungu. Kabla ya Waingereza Waluguru hawakuwa na mtawala mmoja. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo hufuatwa upande wa mama. Mkuu wa ukoo ndiye aliyegawa mashamba, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa mbali kwa habari za mvua, lakini hakuwa mfalme wa mlima wote. Usultani wenye wandewa na majumbe chini yake ulitengenezwa miaka ya 1920 ili amri za DC zipate njia ya kushukia. Kwa hiyo ulipokuja mpango wa matuta, waliopaswa kuwasemea watu ndio walioagizwa kuwasimamia, na asiyechimba alipelekwa kwenye baraza lao akatozwa faini. Ni kama kumpelekea malalamiko ya kantini mtunza fedha wa kantini.

Mpango wenyewe ulikuwaje? Serikali ilianza kuutekeleza mwaka 1950. Wasiwasi wake haukuwa wa kubuni. Uluguru ndiyo inayolisha maji mito ya Ruvu na Ngerengere, miteremko ni mikali, watu walikuwa wakiongezeka, na udongo ulikuwa ukishuka na mvua. Mabwana shamba wakaamua dawa ni matuta ya ngazi: ukate mlima vipande vipande kama ngazi za nyumba, kila kidato kiwe bapa. Kuchoma majani shambani kukapigwa marufuku. Kila mtu mwenye nguvu akapangiwa kiasi cha kuchimba.

Ukiwahi kushika jembe kwenye mteremko utaelewa kilichofuata. Udongo mzuri wa Uluguru sehemu nyingi ni tabaka jembamba juu. Ukikata kidato, ule wa juu unaufukia na ule wa chini, mwekundu usio na rutuba, unakuja juu. Mahindi yakatoka manjano na mafupi. Mtu amechimba siku nzima, kisha anavuna pungufu ya jirani yake aliyetozwa faini kwa kutochimba. Na palipokuwa na mvua nyingi, kidato bapa kilishika maji badala ya kuyapitisha. Nafikiri hapa ndipo mpango ulipokufa, miaka kadhaa kabla ya Matombo, kwa sababu mkulima hahitaji mwanasiasa wa kumweleza hindi lake limekuwaje.

Kulikuwa na jambo jingine, la ardhi. Mwanamume aliyeoa analima shamba la ukoo wa mkewe. Akivunja mgongo kulijenga kwa matuta, anajenga mali ya nani? Na mkuu wa ukoo akiona shamba limebadilishwa sura kwa amri ya serikali, atajuaje kesho serikali haitasema ni lake? Miaka minne tu nyuma, 1951, serikali hiyo hiyo ilikuwa imewahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa ardhi walowezi, na kesi yao ilifikishwa mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Habari za namna hiyo zilitembea. Waluguru walikuwa na ndugu Dar es Salaam, wakishuka na kupanda. TANU ilizaliwa huko Julai 7, 1954. Wakubwa wa serikali walipenda kusema vurugu zimeletwa na wanasiasa wa mjini. Sikatai kwamba wanasiasa walipata nafasi. Ila mtu wa mjini hawezi kumshawishi mkulima achukie tuta linalomzalia vizuri.

Na hawa walikataa nini hasa? Virginia walikataa kununua. Waluguru walikataa kutoa nguvu zao. Tofauti hii ni kubwa. Mnunuzi anayesusa ana jaribu kila siku: kitambaa kiko dukani, jirani anakitazama, usiku unaweza kukinunua kwa siri. Aliyekataa kuchimba hana cha kuficha wala cha kuiba, tuta lipo au halipo. Anajinyima nini? Hakuna. Gharama yake ni faini na kifungo, na gharama hiyo inapungua kadiri wanaokataa wanavyoongezeka, kwa kuwa baraza haliwezi kumtoza faini mlima mzima. Tena hawakuhitaji daftari la saini. Ukoo ulikuwa daftari tayari. Mtu akiwaacha wenzake anamwacha mjomba wake, na ardhi anayolima ni ya hao hao.

Wapare walishatangulia kwa njia hiyo. Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani hadi Same kupinga mbiru, kodi iliyopimwa kwa mali ya mtu mmoja mmoja. Walikaa pale makao makuu ya wilaya miezi na miezi, baadaye wanawake nao wakaingia, na hatimaye mbiru ikafutwa. Marehemu Profesa Kimambo aliandika kijitabu juu yake, ni chepesi, kitafuteni maktaba.

Mgomo wa bidhaa hasa, wa kuuza na kununua, kwetu Afrika Mashariki nao upo. Miwili inatosha hapa.

Zanzibar mwaka 1937 serikali ilitoa amri iliyokipa chama cha wakulima wa karafuu haki ya pekee ya kununua zao hilo. Wafanyabiashara Wahindi, ambao biashara ya karafuu ilikuwa mikononi mwao, wakakataa kushirikiana, na kule India chama cha Congress kikawaomba watu wasusie karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa. Karafuu zikalala, mapato ya serikali yakayumba, na mwaka 1938 wakakaa mezani, wafanyabiashara wakarudishiwa nafasi yao ya kusafirisha. Kwa ufundi ni mgomo uliofanikiwa kuliko wa Virginia. Lakini mpigie hesabu mkulima wa Pemba, Mwarabu au Mwafrika, aliyekaa na magunia yake. Yeye hakususa wala hakususiwa kwa kosa lake.

Wa pili ni Buganda, Machi 1959. Uganda National Movement, wakiongozwa na Augustine Kamya, waliwataka watu wasinunue kwenye maduka ya wasio Waafrika, pamoja na bia, sigara na mabasi. Wauzaji wengi wa Kiasia vijijini wakafunga, Waganda wakafungua maduka mahali pao, na hilo lilibaki. Ila kushikilia watu wasinunue kuligeuka vitisho: nyumba zilichomwa, mashamba yalifyekwa usiku. Serikali ikakipiga marufuku chama, ikawapeleka viongozi mbali na kwao. Sina haraka ya kumlaumu Mganda wa 1959 aliyekuwa amechoka kuuza pamba na kahawa kwa bei ya mwingine. Lakini anayeacha kununua sukari kwa kuogopa mgomba wake kukatwa ananyamazishwa tu, na mtu wa namna hiyo utamkosa siku ukimhitaji.

Sasa kantini yetu. Niliuliza watu kumi na mbili hosteli kwangu kwa nini walirudi siku ya tatu. Hakuna aliyesema bei ni halali. Walisema njaa, kwa maana mbadala ni kutembea hadi stendi kwenye jua la saa saba na kipindi kinaanza saa nane. Walisema bumu lilikuwa halijatoka, na kantini inakopesha. Hilo la mkopo ndilo lililoniamsha, ni Virginia ile ile: huwezi kumsusia mtu anayekudai. Mmoja alisema hakujua mgomo ungeisha lini wala tunadai nini hasa, 1,500 au 1,700. Tangazo la WhatsApp lilisema tu TUSUSE, kwa herufi kubwa. Hakukuwa na kamati, hakukuwa na mtu wa kupika chakula cha pamoja hata chungu kimoja cha makande, hakukuwa na mtu aliyetumwa kuongea na mwenye kantini wakati meza zikiwa tupu. Siku ile ya kwanza ndiyo tulikuwa na nguvu, na hakuna aliyekwenda kumwona.

Wapo wanaosema wanachuo wa siku hizi ni waoga. Sioni hivyo. Wabunge wa Virginia walikuwa watu wazima wenye mali na mgomo wao wa kwanza ulipwaya vile vile.

Darasani, nikienda mazoezi ya kufundisha, nitaanza na Matombo kabla ya Williamsburg. Nitawagawa wanafunzi wa kidato cha tatu: hawa wakuu wa ukoo, hawa majumbe, huyu bwana shamba, wale vijana waliorudi kutoka Dar. Kila kundi lijibu swali moja, ukikataa kesho asubuhi unapoteza nini na nani atajua? Kisha ndipo tuwapeleke kwenye ile nyumba ya wageni ya Raleigh na kuwauliza swali hilo hilo. Nadhani watakiona kipengele cha watumwa bila mimi kuwaonyesha.

Habari ya matuta haikuishia 1955. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilinyesha upande wa Mgeta, na wataalamu walihesabu maporomoko ya ardhi zaidi ya elfu moja, karibu yote kwenye mashamba na nyasi, machache mno chini ya msitu. Kwa hiyo mabwana shamba wa kikoloni hawakuwa wamekosea kuhusu ugonjwa. Mgeta hiyo hiyo wakulima walikuwa na ngazi zao za kienyeji, ndogo, wanazofukia majani ndani yake ili kurutubisha udongo, na hazikuhitaji faini ya mtu.

Kisha Kibungo Juu, mlimani humo humo, kwenye vyanzo vya Ruvu. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliandaa mpango ambao watumiaji wa maji wa Dar es Salaam, ikiwamo kampuni ya maji ya DAWASCO na kiwanda cha Coca-Cola, walichangia fedha za kuwalipa wakulima wanaohifadhi udongo. Wakulima walichagua wenyewe mbinu za kutumia, wakapimiwa eneo, wakalipwa kwa ekari. Mojawapo ya mbinu walizochagua ni matuta ya ngazi. Safari hii waliweka samadi.